Doti Nyekundu ya Chebet

Mmeniomba, nyinyi mnaobaki pale ofisini Kitale, niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa, na mkanisihi niandike kwa moyo mweupe. Kuandika nitaandika. Moyo mweupe siwaahidi. Nimestaafu juzi tu, na kila ninaposikia mmefichua jambo bila mimi, chai hunikwama kooni. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka: vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaopata.

Nilianza Bungoma, mwandishi wa mitaani wa kituo kidogo cha redio. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kinasa sauti cha kaseti, betri zilizokwisha kutumika, na baiskeli nyeusi ya kiume iliyonizidi uzito. Nikatumwa Tongaren kumhoji mkulima aliyedai jirani yake amesogeza mpaka. Kule ni skimu, mashamba yamepimwa kwa kamba, njia zimenyooka, na boma hili ukiliona umeliona na lile. Nilimhoji mzee mmoja mpaka kaseti ikageuzwa. Alinieleza habari za mbolea, za mahindi, na za mkwe wake asiyemsalimu. Nilipofunga mashine ndipo akaniambia mtu ninayemtafuta anakaa njia ya pili, ila yeye amefurahi sana kutembelewa. Tangu siku hiyo, kabla ya kumwamini mtu yeyote, nahakikisha kwanza nimesimama pale ninapodhani nimesimama.

Aliyenihamishia Kitale ni Mzee Barasa, ambaye baadhi yenu mlimkuta akiwa ameshaanza kusinzia mikutanoni. Alikuwa mtu wa magazeti, akachoka kuandika habari za wakubwa waliofungua madaraja, akaanzisha ofisi yetu ya haki za binadamu juu ya duka la mbegu na mbolea. Harufu ya mbolea ilipanda ngazi kabla ya wageni. Chini tuktuk na bodaboda zikigombania abiria, juu sisi tukiandika taarifa za watu waliopigwa, waliofukuzwa mashambani, waliopotea. Mzee alinifunza vitu viwili. Cha kwanza, usiulize swali kabla hujamaliza chai uliyokaribishwa, maana mtu anayekutazama ukinywa chai yake anaamua kama atakuambia ukweli. Cha pili kilikuwa kuhusu mashahidi. Alisema, "Nasimiyu, jina la shahidi likae kwa mtu mmoja. Likifika kwa wawili limefika sokoni."

Nilimpenda yule mzee kama baba, na nilitaka anipende kuliko wengine wote. Mambo yenyewe ndiyo hayo, nimeyasema.

Simu zenye kamera zilipoenea, kazi ilibadilika. Zamani tulifuata habari. Sasa habari zilitufuata, usiku na mchana, kwenye magrupu ya kila ukoo na kila kanisa. Nyingi zilikuwa uongo. Kuna wakati ilisambazwa picha ya maiti kando ya mto, ikidaiwa ni ya mtu wa hapa kwetu aliyeuawa na jirani zake wa kabila lingine. Vijana walishaanza kunoa mapanga. Niliketi kwenye saiba moja, duka la intaneti, nyuma ya stendi, nikaitafuta picha kinyumenyume, yaani nikaupa mtandao picha yenyewe na kuuliza imeshawahi kuonekana wapi. Ilikuwa ya nchi ya mbali, ya miaka mingi nyuma, hata miti ilikuwa si ya kwetu. Mzee Barasa alitangaza redioni, mapanga yakarudi kwenye migomba. Siku ile alinishika bega mbele ya ofisi nzima akasema, "Huyu ndiye jicho letu."

Nikawa jicho. Nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu: kusoma mabango ya nyuma ya picha, kulinganisha mapaa ya mabati na ramani za setilaiti, kutazama kama mahindi yako magotini au yameshakatwa na kusimamishwa shambani, ili nijue video ni ya mwezi gani. Watu wa Nairobi walinipigia simu kuniuliza maswali. Nilijibu polepole, kwa raha zangu.

Halafu akaja Chebet.

Alizaliwa Endebess, kwenye mteremko, akasomea mambo ya ramani. Alikuwa mpole, mrefu, anaongea kidogo, na alikuja na chakula chake cha mchana kwenye kopo kila siku kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote. Nilimfundisha nilichojua, na akakimaliza haraka kuliko nilivyotaka. Kipya kinyemi, nilijiambia, watamchoka. Hawakumchoka. Aliweza kupima kivuli cha mlingoti wa bendera na kukuambia ilikuwa saa ngapi. Aliweza kutazama mstari wa vilima nyuma ya kichwa cha mtu na kukuambia mtu huyo alielekea wapi. Simu za Nairobi zikaanza kuuliza, "Chebet yuko?" Na Mzee Barasa, siku aliyomwona akiipata shule moja kwa umbo la tangi la maji peke yake, alicheka kwa furaha mpaka akakohoa. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo. Nilikwenda chooni nikakaa.

Wivu wangu haukuwa wa siri. Kama alileta maandazi, nilisema nimeshiba. Kama alikosea tahajia, nilisahihisha kwa kalamu nyekundu. Ofisi nzima ilijua, na mwenye duka la mbegu pia alijua. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Mwaka mmoja kulisambazwa video ya nyumba zikichomwa. Wanaume wenye mapanga na madumu wanakwenda kutoka boma hadi boma, mabati yanapasuka kwa moto, mtu analia asikoonekana. Watu waliofukuzwa walikuwa wameshafika ofisini kwetu, wakisema ni kijiji chao, juu ya Sirisia. Jina la kijiji silitaji. Bwana mmoja mwenye pesa alidai ardhi ile ni yake, na wakili wake alisema mahakamani Bungoma kwamba video si ya Kenya hata kidogo, ni ya nje, imeletwa kumchafulia mteja wake jina. Bila kuthibitisha ile video, familia zile hazingerudi kwenye vipande vyao.

Niliitazama asubuhi nzima. Nilitafuta bango, kanisa, namba ya pikipiki, sikupata. Mlima ulionekana nyuma, lakini haukuwa Elgon ninaoujua mimi niliyekulia chini yake. Nikaanza kuamini yule wakili.

Chebet alivuta kiti, akala viazi vyake, akatazama mara moja, mara ya pili. Kisha akasema, "Madam, hawa watu wote ni mashoto."

"Ati nini?"

"Angalia mapanga. Wote wameshika na mkono wa kushoto. Kijiji mzima haiwezi kuwa ya mashoto, si ndiyo?"

Mtu aliyeisambaza mtandaoni alikuwa ameigeuza, kama uonavyo kitu kwenye kioo, ili mitambo isiitambue na kuifuta. Wanafanya hivyo sana. Chebet aliigeuza tena, na mlima ukarudi mahali pake kama mtu aliyevuliwa kofia ya mwenzake. Ulikuwa Elgon wetu, unavyoonekana kutoka upande wa Sirisia, mwamba kwa mwamba. Nilikuwa nimetazama moto asubuhi yote, yeye akatazama mikono. Mnajua nilivyojisikia? Nilitamani angekuwa amekosea. Nilitamani hivyo ingawa familia zile zilikuwa zimeketi chini ngazini kwetu, watoto wamelalia magunia ya dukani.

Aliifanyia kazi ile video kwa siku kadhaa. Akachora picha moja ambayo, kwa haki, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona katika fani hii. Juu, mstari wa mlima kutoka kwenye video. Chini, setilaiti, kila boma na paa lake. Kati yake mishale myembamba ya njano: mti huu ni ule, choo hiki ni kile, jiwe hili ni lile. Na mishale yote ilikutana kwenye doti moja nyekundu, nukta ya pale kamera iliposimama. Gazeti moja la Nairobi lilishatenga ukurasa wa mbele kwa ajili ya picha hiyo, na jina la Chebet chini yake. Mzee Barasa aliibandika ukutani, kwenye ukuta uliokuwa na picha yangu ya kupokea cheti. Cheti kikahamia nyuma ya mlango.

Utaratibu wetu, na naomba msiuache, ni kwamba kilichopatikana kwa skrini lazima kithibitishwe kwa miguu. Nilijitolea. Niseme wazi kwamba nilikwenda nikitafuta kosa.

Sirisia nilifika siku ya soko, nikapanda juu kwa pikipiki, nikatembea na karatasi ya Chebet mkononi. Kila kitu kilikuwepo. Jiwe lilikuwepo, choo kilikuwepo, mabati yaliyokunjwa na moto yalikuwepo. Nilifuata mishale kinyume mpaka nikasimama juu ya ile doti nyekundu. Ilikuwa kwenye mlango wa jiko, nyuma ya migomba, katika boma ambalo halikuchomwa. Ndani mama mmoja alikuwa akipepeta maharagwe. Nitamwita Mama Selina, na hajawahi kuwa na mtoto wa jina hilo.

Alinikaribisha chai. Nilikunywa yote. Ndipo nikamwonyesha karatasi, nikamweleza mishale. Aliifuata kwa kidole, polepole, kidole kikafika kwenye doti, na ungo ukamtoka mikononi.

"Hii ni mrango ya jiko yangu," akasema, akaniita mama kwa lugha yetu. "Mayi, nani amewaambia?"

"Hakuna aliyetuambia, mayi. Ni mlima tu. Wametumia mlima."

"Mlima." Alitazama nje, kisha akafunga mlango, tukabaki gizani na maharagwe miguuni. "Sikuambia mtu. Bwana yangu hajui, hata pastor hajui. Nilirusha hiyo video kwa mtandao bila jina, kisha simu nilitupa kwa choo. Na wewe unakuja na karatasi inaonyesha mpaka mahali nilisimama?"

Nikauliza kwa nini boma lake halikuchomwa. Akasema waliochoma ni pamoja na shemeji zake. Wanakula kwake. Wanaingia jikoni kwake bila kubisha.

"Mukiweka hii doti kwa gazeti, mimi nimeisha," akasema. "Si ati nitapigwa. Nimeisha. Kila mtu hapa anajua hii mrango ni ya nani." Kisha akanishika kifundo cha mkono. "Na usiseme jina yangu kwa mtu. Hata kwa hao wenu wa ofisi. Uniapie."

Nikaapa. Nikaokota maharagwe pamoja naye, nikashuka.

Sisi tunaofanya kazi kwenye skrini huona doti ni majira ya ramani, namba mbili zinazokutana. Tunafurahi zikikutana. Kule kijijini, ambako kila mlango una mwenyewe, doti ni jina la mtu. Hilo ndilo kosa la fani yetu, na hufanywa na walio hodari tu, kwa sababu asiye hodari haipati hiyo doti.

Nilirudi Kitale nikaomba kikao. Nikasema picha ile isichapishwe. Si kufutwa doti tu, maana mishale ikibaki yeyote mwenye rula ataifuata mpaka mwisho. Picha nzima itoke, ukutani na gazetini.

Chebet aliweka chini kopo lake.

"Kuna makosa, Madam?"

"Hakuna kosa. Kila kitu ni sahihi."

"Basi kwa nini?"

"Kuna mtu ataumia."

"Nani?"

"Siwezi kusema."

Mmoja wa vijana alicheka puani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nikijisikiliza, nilisikia mwanamke mwenye cheti nyuma ya mlango akiomba kazi ya mwenzake ishushwe ukutani, bila kutoa sababu. Chebet alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyevumilia mengi, "Madam, mimi nakuheshimu sana. Lakini si hii ni wivu tu?"

Mzee Barasa alivua miwani. "Jibu, Nasimiyu. Ni wivu ama ni kazi?"

Ningeweza kusema ni kazi. Lakini nani angeamini? "Ni vyote viwili, Mzee," nikasema. "Wivu ninao, tena mwingi, na hata mngeniondolea wote sasa hivi bado ningewaambia iteremsheni. Msichana huyu ameona vizuri kupita kiasi."

Mzee alimgeukia Chebet. "Kazi ni yako. Sema wewe."

Hapo nilikata tamaa. Nilijiweka mahali pake. Ukurasa wa mbele, jina langu, Nairobi nzima ikitazama, na anayenizuia ni mama mwenye kijicho asiyetaka kutaja sababu. Mimi ningechapisha, kwa kweli, tena ningelala usingizi mzuri.

Chebet aliinuka, akaenda ukutani. Alisimama karibu na picha yake, akaitazama kama vile hajaichora yeye. Aliweka kidole juu ya doti, akakiacha hapo.

"Hapa kuna mtu," akasema.

Mzee alivaa tena miwani.

"Niliweka alama ya kamera. Sikufikiria kamera imeshikwa na mtu." Akabandua picha, akaikunja mara mbili, akampa Mzee. "Jaji aone peke yake. Gazeti nitawapigia simu mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Jaji alionyeshwa faraghani, na baada ya kesi kuburutwa kama kesi zetu zinavyoburutwa, familia zile zilirudi na kupanda. Gazetini ilitoka habari fupi ndani, kwamba ofisi yetu imethibitisha video ni ya Bungoma, basi. Waliotaka kutuchafua walipata nafasi yao. Mtandaoni walimwandama Chebet kwa jina: ushahidi uko wapi, msichana? Umelipwa na nani? Si utuonyeshe hiyo ramani yako? Aliyasoma yote akila viazi vyake. Ule mchoro ungewanyamazisha kwa dakika moja, naye alikuwa nao kwenye mashine yake, hapo mbele ya macho yake. Hakujibu hata neno. Siku moja nilimwambia, kwa ukali, kwa sababu sijui kusema mambo kama hayo kwa upole, kwamba hata angejitetea kidogo. Akasema, "Nikianza nitaonyesha, Madam. Najijua." Akachukua tuktuk akaenda nyumbani.

Nilimwonea wivu zaidi tangu siku ile. Mlidhani ungepungua? Macho yake nilikuwa nimeshayazoea. Huu uwezo wa kukaa na kitu kizuri mfukoni bila kukitoa, huo ndio ulioninyima raha.

Karibu na kustaafu kwangu, Mama Selina alikuja Kitale. Alikuwa ameleta ndizi sokoni, akauliza njia, akapanda ngazi zetu akiwa na kuku jike kwenye kikapu, kichwa kimetokeza. Mnajua kwetu mtu haletewi kuku ovyo. Aliita kutoka chini, "Mayi Nasimiyu! Mayi, wewe ndiyo ulifunika mrango yangu!"

Ofisini nilikuwa na Chebet peke yake. Alikuwa ameketi akiutazama mlango, kama kawaida ya meza yake. Nilimwona akisikia lile neno, mrango. Nilimwona akielewa ni nani anayepanda. Mimi nilibaki nimekwama, maana nilikuwa nimeapa, na yule mama alishafika ngazi za juu, nikasikia viatu vyake.

Kuna kitu kimoja tu Chebet hakuwahi kukipata katika kazi ile yote. Mlima aliupata, na jiwe, na choo, na saa, na mlango. Uso hakuupata. Ulikuwa unamjia wenyewe, hatua chache tu, na yeye ndiye aliyetukanwa kwa ajili ya uso huo mwaka mzima.

Akageuza kiti chake, akaupa mlango mgongo.

Mama Selina aliingia, akanikumbatia, akanibariki mimi na watoto wangu na kazi ya mikono yangu, akaniwekea kuku miguuni. Alisema hajui angenilipa nini. Aliongea sana, alilia kidogo. Yule msichana aliyekaa ameuelekea ukuta hakumtia maanani, pengine alidhani hana adabu. Nami nilipokea yote, shukrani na baraka na kuku, kwa sababu hakukuwa na namna ya kusema ni za nani.

Alipoondoka, niliendelea kutazama mgongo wa Chebet. Aliuacha hivyo muda mrefu, mpaka viatu viliposhuka ngazi zote, mpaka sauti ya mama ilipopotea kati ya tuktuk. Hakugeukia hata dirisha.